Nje ya Laini ya Manjano

Nilipokuwa mtoto pale Migori niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa meno yangu yote ya utotoni, kwamba laini ya manjano iliyochorwa pembeni mwa barabara ilikuwa na dhahabu ndani yake, na kwamba hakuna gari lililoweza kuivuka likamgonga mtu. Dhahabu yenyewe ilitoka Masara, ambako wachimbaji wana mashimo marefu hata ukidondosha jiwe baada ya chai ya asubuhi, linatua wakati wa chakula cha mchana. Mkandarasi, tuliambiwa, alinunua gunia zima la vumbi lile, akalichanganya na rangi, akaimwaga barabarani kutoka Kisii mpaka mpakani Isebania. Tairi likiigusa kwa kasi, linashikwa. Likilazimisha, linapasuka.

Aliyetuletea habari hii ni Ouko, mwenzangu wa darasani, ambaye kaka yake alikuwa kibarua wa mkandarasi.

"Nani ameona?" tukamuuliza.

"Kaka yangu ameona. Ama unataka kusema kaka yangu ni mwongo?"

Kaka yake Ouko alikuwa na mikono minene kama mapaja ya mwalimu mkuu, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusema hivyo. Mmoja wetu alithubutu kuuliza mbona matatu huvuka laini ile kutwa nzima kuchukua abiria, na hazipasuki. Ouko alikuwa na jibu. Gari likiingia polepole linaruhusiwa, akasema, kama mgeni aliyebisha hodi. Ni lile linalokuja kwa kasi na nia mbaya ndilo linakatwa magurudumu. Na wiki ileile, kama kwa kusudi la kutuharibu akili, tairi la pikapu moja likapasuka karibu na stendi, tena likiwa limekanyaga rangi yenyewe, kwa kishindo ambacho nina hakika kilisikika mpaka Tanzania na huko pia watu wakalala chini. Tangu siku hiyo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nimelikumbuka jambo hili mwezi huu kwa sababu ya harufu. Siku hizi ninaishi Homa Bay, nina kibanda cha kuuza miwani na betri za saa, na mbele ya kibanda changu wamekuja vijana wenye mitungi ya gesi kuchora njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu kutoka upande wa soko. Wanachemsha rangi mpaka inatokota kama uji, halafu wanaivuta juu ya lami kwa kijitoroli. Harufu yake ni ya mpira ulioungua, na nyuma yake kuna kitu kitamu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa motoni. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Nilikuwa narudi kutoka kununua chapati, nikafika ukingoni mwa ule mstari mpya, miguu ikakataa.

"Mzee, pita tu," kijana mmoja akaniambia. "Imekauka."

Mzee! Mimi mwenye nywele zangu zote kichwani. Lakini sikupita. Nilisimama pale na chapati mkononi mpaka zikapoa, na yule kijana akamwambia mwenzake, akidhani simsikii, kwamba huyu wa miwani leo hajaona vizuri.

Wale wa rika langu mnaikumbuka barabara yetu ilivyokuwa kabla haijatengenezwa upya. Lami ilikuwa imeliwa kando zote mbili kama chapati iliyong'atwa na watoto watano kwa zamu. Magari makubwa yalichukua kilichobaki katikati, na mwendesha baiskeli hakuwa na pake. Ukisikia honi nyuma yako unashuka, na kushuka kwenyewe ni kuruka, kwa sababu kati ya lami na changarawe kulikuwa na ngazi ya kuvunja uma wa baiskeli. Baba yangu alikuwa akisema waendesha baiskeli wa Migori wanaijua mitaro kuliko vyura.

Naye alikuwa anaijua kweli. Jina lake ni Odhiambo, lakini kando ya barabara nzima watu walimwita Ja-makati, mtu wa mikate. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, na nyuma kwenye keria alifunga sanduku la mabati lililopakwa rangi ya samawati. Kila siku isipokuwa Sabato alijaza sanduku hilo kwenye bekari ya mjini, mikate ikiwa bado moto, akaelekea upande wa Isebania akiuzia maduka ya kando ya barabara. Shule zikifungwa alinikalisha kwenye bomba la mbele, juu ya gunia lililokunjwa, na akanipa cheo. Nilikuwa Konda. Kazi yangu ilikuwa kupiga kengele, na niliipiga hata tulipokuwa peke yetu, hata kwa mbuzi, hata kwa mawingu. Joto la mikate lilikuwa linafika mpaka mgongoni mwangu likipita kifuani mwake, au ndivyo ninavyolikumbuka, na sasa hivi nikipita karibu na mkate wa moto nahisi kama kuna mtu mkubwa amesimama nyuma yangu.

Hatukuwa tunasafiri peke yetu. Mwita, Mkuria wa upande wa Isebania, alikuwa analeta ndizi sokoni Migori alfajiri, mzigo mkubwa hata ukimwona kwa mbali unadhani ni shamba linatembea. Akishazimaliza, anarudi kwao keria ikiwa tupu, saa zilezile ambazo Baba anaondoka bekari. Basi wakawa wanaongozana, Baba mbele kwa sababu ya mzigo, Mwita nyuma. Baba hakujua Kikuria, Mwita hakujua Kijaluo, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

"Nyinyi Wajaluo mnaendesha baiskeli kama mmevaa suti," Mwita alikuwa akimwambia.

"Mura," Baba anamjibu kwa neno pekee la Kikuria alilolijua, la kumwita kijana, "wewe umebeba nini leo? Upepo? Nyamaza tubebe mizigo, sisi wanaume."

"Huo mzigo gani? Mkate ni hewa imepikwa!"

"Hewa hiyo ndiyo uliomba jana, ukala na ngozi yake."

Mwita anacheka mpaka baiskeli inayumba. Kiswahili changu nilikipata hapo, kabla ya shule, na nilijivunia sana. Darasani kwetu wengine walikuwa bado wanaogopa kuomba ruhusa ya kwenda haja kwa Kiswahili, mimi nilikuwa ninajua matusi ya ndizi na ya mikate.

Halafu barabara mpya ikafika. Ilikuwa nyeusi, laini, pana, na pembeni, upande wa pili wa ile laini ya manjano, waliacha kipande cha lami kisichokuwa cha magari. Kipande chembamba tu, pengine upana wa kitanda cha mtu mmoja, lakini siku ya kwanza tulipokipanda Baba alikanyaga pedali mpaka tukavuka daraja bila kushuka hata mara moja. Hakukuwa na mtikisiko. Hakukuwa na kuruka mtaroni. Mwita nyuma yetu alianza kuimba kwa Kikuria kwa sauti mbaya.

Pale ndipo Baba alinipa sheria. Alisimamisha baiskeli, akanionyesha kwa kidole, kama anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. "Konda, sikiliza. Hapa, huku kwetu, ni ndani. Kule kwa malori ni nje. Ndani ni nyumbani. Siku utakayopata ndiga yako mwenyewe, baiskeli yako, unakaa ndani ya laini. Hutoki nje hata ukiitwa kwa jina. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unakaa wapi?"

"Ndani."

Nikamuuliza kama ni kweli laini ile ni dhahabu. Alifikiri kidogo, akatabasamu, akasema, "Kwetu sisi wa baiskeli? Hiyo ni dhahabu kabisa." Jamani, mtoto ataambiwaje zaidi ya hapo? Kesho yake mimi na Ouko tulichukua msumari na kopo la maziwa, tukakwangua laini, tukaosha tulichokwangua ndani ya karai kama tulivyosikia wanavyofanya Masara, tukizungusha maji polepole na nyuso nzito za wachimbaji. Tulipata lami, mchanga, na mdudu mmoja. Ouko akasema dhahabu imezama sana, hiyo ndiyo nguvu yake. Nikakubali. Nilikuwa na sababu ya kukubali ambayo Ouko hakuwa nayo. Baba yangu alikuwa anapita pale kila siku.

Siku ya Ijumaa Baba alikuwa na kawaida ya kubeba mikate zaidi, kwa ajili ya Sabato, ambayo kwetu huanza jua likizama Ijumaa, na alirudi mapema ili jua lisizame akiwa njiani. Ijumaa hiyo nilikuwa shuleni. Nilirudi nyumbani nikakaa mlangoni kumngoja, kwa sababu Ijumaa aliniletea mkate uliobanwa kwenye tanuri ukapinda, ambao maduka hayakuutaka. Kilichofika kwanza ni sanduku. Lilikuwa limebebwa na watu wawili, kila mmoja upande wake, na rangi ya samawati ilikuwa imekunjamana kama karatasi. Waliliweka chini uani kwa adabu sana. Harufu ya mkate ikatoka ndani yake ikajaa boma lote. Mama alitoka jikoni, akaliangalia sanduku, akawaangalia wale watu, na akakaa chini hapohapo kwenye vumbi bila kuuliza kitu. Mimi niliuliza. Niliuliza Baba anakuja na nini, kama sanduku limetangulia.

Sitaeleza mengi ya siku zilizofuata. Nyumba ilijaa watu, kila mtu alikuwa ananishika kichwa. Nilichokuwa nangoja ni mtu mmoja aniambie jinsi gari lilivyoivuka dhahabu. Nilikuwa nimeshapanga maelezo kadhaa kichwani. Pengine rangi ilikwisha pale. Pengine mimi na Ouko tulikwangua kupita kiasi, ingawa sisi tulikwangua karibu na shule, na huko kulikuwa mbali.

Siku ya mazishi Mwita alisimama. Walimwomba aeleze, kwa kuwa alikuwa nyuma yake na ameona kwa macho. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, mikono imempita, na alishika kofia yake kwa mikono yote miwili. Alisema kwa Kiswahili chake cha siku zote, ila polepole, bila mzaha hata mmoja ndani yake.

"Mimi niliona. Odhiambo alikuwa nje ya laini. Nasema mbele yenu wote na mbele ya Mungu. Alikuwa nje. Nje kabisa."

Baba mdogo akawatafsiria wazee wasiosikia Kiswahili, na katika Kijaluo neno lilikuwa lilelile: *oko*. Nje. Wanawake wakaguna. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akasema "Ee" ndefu, ya kutoka tumboni.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, na nilielewa kila neno. Nilielewa kuliko watu wote pale, hivyo ndivyo nilivyoamini. Dhahabu haikushindwa. Laini ilifanya kazi yake mpaka mwisho. Ni Baba aliyetoka. Aliyenisimamisha barabarani akaniambia nisitoke nje hata nikiitwa kwa jina, yeye alitoka, tena nje kabisa, na rafiki yake amesimama mbele ya ukoo mzima kutangaza, na ukoo mzima umeguna kwa aibu. Sababu nilijitafutia mwenyewe: Ijumaa. Alikuwa anakimbizana na jua. Kule nje barabara ni laini zaidi, mtu unaenda kasi, unafika mapema. Alituona sisi ni wa kungojea, akaona Sabato haingoji.

Mtoto akishapata maelezo yanayokaa vizuri hivyo hayaachi. Sikulia kaburini. Watu walisema huyu ana moyo mgumu kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nimekasirika tu, na nilikuwa nimekasirikia mtu ambaye hangenijibu.

Baadaye Mama alinipeleka Homa Bay kwa shangazi, dada yake Baba, ili apate nafasi ya kusimama tena. Nikasoma huko, nikaacha, nikabeba mizigo, nikarudi kusoma masomo ya jioni nikiwa na ndevu, nikapata cheti changu cha kidato cha nne katika darasa ambalo nusu yetu tulikuwa tunasinzia kwa uchovu na nusu nyingine tulikuwa tunakoroma. Ninapenda kuchekesha watu, waulizeni wateja wangu. Lakini baiskeli sijapanda tangu utotoni. Wakiniuliza, nasema nina uzito wa kuvunja keria ya chuma. Mwita naye nilimkwepa. Kila nilipokwenda kumwona Mama, nikisikia kengele yake ikikaribia boma, nilikuwa na shughuli nyuma ya nyumba. Sikuweza kumwangalia mtu aliyemwaibisha baba yangu siku ya kuzikwa kwake, hata kama alisema kweli. Na habari yenyewe ya siku ile haikuzungumzwa kwetu. Ilifunikwa kama sufuria, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshakula.

Lakini harufu ya rangi haikuniacha. Niliinusa usingizini, niliinusa kwenye miwani. Jumapili iliyofuata nikafunga kibanda nikaenda Migori.

"Mama, yule Mwita bado yupo?"

Mama alikuwa anachagua dengu. Hakuinua kichwa. "Yupo wapi tena? Yuko sokoni na ndizi zake. Anapita hapa kila wiki kuniletea mkungu. Wewe ndiye huwa humwoni."

Nilimkuta amekaa kwenye kreti iliyogeuzwa, amekuwa mwembamba, magoti yamechomoza, lakini sauti ni ileile. Aliponiona alipiga makofi.

"Konda! Ebu ona tumbo! Nani anakulisha hivyo, huko Homa Bay mnakula samaki na mitumbwi yake?"

Nilimwomba anipeleke mahali penyewe. Kicheko chake kikaisha. Alimwachia ndizi jirani yake, mama mmoja wa nyanya, akachukua baiskeli yake lakini hakuipanda, aliikokota, nasi tukatembea tukiwa tumeiweka katikati yetu. Tulitoka mjini, tukapita duka moja ambalo Baba alikuwa analiuzia, halafu jingine. Malori yalikuwa yanapita upande wetu wa kulia, upepo wake ukituvuta mashati. Mwita alisimama tulipofika mahali ambapo barabara inashuka kidogo na kupinda. Hapakuwa na alama yoyote. Nyasi tu, na laini ya manjano iliyochujuka.

"Ni hapa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kwa utaratibu, kama mtu mzima. Ikatoka kama inavyotoka kwa mtoto. "Mzee Mwita, kwa nini Baba alitoka nje ya laini?"

"Alitoka wapi?"

"Ulisema matangani, mbele ya watu wote. Alikuwa nje ya laini. Nje kabisa."

"Ndiyo, nilisema. Na ukiniita kesho nitasema tena."

"Sasa alikuwa anatafuta nini kule? Alikuwa na haraka ya Sabato?"

"Haraka gani? Tulikuwa tunacheka. Alikuwa ananitukana." Akanitazama muda mrefu, macho yakiwa yamekunjwa kwa jua. "Konda, ngoja kwanza. Nje ni wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Kule, kwa malori. Lori moja lilikuwa linapita wakati huohuo, tukangoja lipite.

Mwita akaegemeza baiskeli yake kiunoni. Akanishika ule mkono nilionyooshea barabara, akauteremsha taratibu mpaka kidole changu kikaelekea chini, kwenye kile kipande chembamba cha lami tulichokuwa tumesimama juu yake sisi wawili na baiskeli yake.

"Kule ni ndani," akasema. "Ndani ya barabara, kwa magari. Nje ya laini ni hapa, kwa baiskeli. Baba yako alikuwa hapa, na mimi nyuma yake, hapo. Lori ndio ilitoka kule ikamfuata. Nilisema vile mbele ya watu ndio mtu yeyote asije akasema Odhiambo aliingia njia ya lori."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikauliza swali ambalo mtu mwenye cheti hakupaswa kuuliza, nikiwa naangalia ile rangi miguuni petu.

"Na laini? Haikuizuia?"

"Laini ni rangi, mwanangu," Mwita akasema. "Haizuii kitu."